Muda wa Kungoja Chumvi

Kwa miaka mingi, kila spika iliyoingia kibandani mwangu ilitoka imepimwa kwa sauti ya Roselyn. Mteja akileta spika iliyopasuka sauti, nikishaitengeneza, nilikuwa natafuta kwenye simu yangu kipande kimoja cha filamu, nakibonyeza, na mwanamke wa Nakaloke, karibu na Mbale, anatokea akiwa amekaa kwenye turubai uani kwake. Mbele yake kuna chupa ya asali, ya kioo, imeoshwa na kuanikwa mpaka haina hata harufu. Anatia mahindi hadi theluthi, anaongeza vijiko vya chumvi kavu, anafunga kifuniko na kuitikisa karibu na sikio. Kisha anaiweka chini. Anakaa kidogo, anasema maneno kadhaa kwa Kimasaba, lugha ya watu wa mlimani, polepole, halafu ananyamaza na kuitazama kamera.

Nilikipenda kipande hicho kwa kuwa sauti yake ilikuwa safi. Punje zikigonga kioo, unajua mara moja kama spika ina kasoro kwenye sauti za juu. Roselyn akisema, unajua kama ina kasoro chini. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wateja. Wakiuliza mama huyu anasema nini, nilijibu kwamba anaongea na mahindi.

Kibanda changu kiko Jinja, nyuma ya soko kuu. Natengeneza spika, nawajazia watu nyimbo kwenye simu, maisha yanasogea. Lakini kabla korona haijafunga kumbi, mimi nilikuwa vijei. Kwa asiyejua, vijei ni yule anayekaa kando ya skrini na maikrofoni, filamu ya Kichina au ya Kihindi inaenda, naye anawaambia watu kinachosemwa. Sauti zote ni zake: jambazi, polisi, mtoto mchanga, bibi harusi. Wenzangu walitafsiri kwa Kiganda. Mimi nilizaliwa kambini, baba yangu alikuwa askari jela, mtu wa Tororo, na Kiswahili ndicho nilichobembelezewa nikiwa mgongoni. Cha kambini kile nilikisafisha kwa redio za Kenya mpaka kikang'aa, nikawakamata wanajeshi, polisi, askari jela na wake zao. Jina la kwenye kitambulisho ni Ignatius Odero. Watu waliniita Vijei Ngurumo.

Sasa nikuambie siri ya kazi ile, ingawa si siri. Vijei haelewi Kichina. Haelewi Kihindi. Anatazama nyuso, anasoma mikono, anajua kwamba filamu zote ni ndugu, na panapobaki pengo anatia la kwake. Kilicho haramu ni kukiri. Siku moja Lalit, aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki, aliingia ukumbini kunitafuta akakuta filamu ya Kihindi inaendelea. Kitandani kuna mama mgonjwa, na mimi nimeshamfanya amlaani mkwe wake na wajukuu ambao hata hawajazaliwa, ukumbi mzima unafuta machozi. Lalit akaninong'oneza, "Ndugu yangu, huyu mama naomba maji tu." Nikamjibu kwamba hicho ni Kihindi cha ndani, yeye wa mjini hawezi kukijua. Alicheka mpaka akatoka nje ameshika mbavu.

Na adui mkubwa ni kimya. Watu wakikisikia wanaanza kugeukageuka, wanatafuta chapati, wanakumbuka matatizo ya nyumbani. Kwa hiyo nilijifunza kutoacha hata pumzi moja wazi.

Aliyenipa kazi nje ya ukumbi ni Alifya. Ni binti wa familia ya duka la vipuri hapo Jinja, amesomea mambo ya filamu, na wakati ule alikuwa mpiga picha wa shirika moja dogo lenye ofisi Mbale, kule Industrial Division. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha wakulima kwa filamu fupi, na wachezaji ni wakulima wenyewe. Kulikuwa na Wabwire, bwana shamba, aliyeandika maneno. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Nakaloke waliotunga nyimbo za kupanda na za kuvuna, wakazipiga kwa ngoma. Na kulikuwa na mkulima mmoja ambaye mbele ya kamera hakutetemeka hata ukope, na huyo ndiye Roselyn. Filamu zilitoka kwa Kimasaba. Shirika likataka na za Kiswahili, kwa familia za kambini Jinja zinazolima, na kwa soko la Nakaloke lenyewe ambako kila kabila lina meza yake. Alifya akawaambia wakubwa wake kwamba wake wa maaskari hawatakaa kumsikiliza mtaalamu, ila Ngurumo watamsikiliza.

"Sharti moja," akaniambia. "Mahali mama ananyamaza, nawe nyamaza. Watu wanataka kutazama mikono yake."

Nikasema sawa. Sikutimiza hata siku moja.

Kazi ilienda hivi. Alifya ananiletea filamu mbichi kwenye memori kadi, sauti ya Roselyn ikiwa bado wazi, pamoja na karatasi ya Wabwire inayoeleza kila sehemu. Najifungia kwenye stoo ya Lalit, katikati ya maboksi yanayomeza mwangwi, navaa hedifoni, nasema. Sauti ya mama inashushwa mpaka haisikiki, yangu inakaa juu. Katika filamu za Kimasaba, mahali pa kungoja palifunikwa na wimbo wa akina mama. Katika za Kiswahili palifunikwa na mimi.

Kwa hiyo kabla sijamwona Roselyn ana kwa ana nilishakaa naye masikioni. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya neno refu. Nilijua akichutama goti lake moja linalia. Kuna mahali alikohoa akamwomba Alifya radhi, nami nilirudisha nyuma na kukisikiliza kile kikohozi mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu. Ilipoonyeshwa Nakaloke nilikwenda kujionea. Ilikuwa siku ya soko, ndani ya ghala, milango imefungwa na magunia yametundikwa madirishani ili picha ionekane ukutani. Roselyn wa ukutani akawafokea kuku kwa sauti yangu, kisha akacheka kicheko changu cha kike ambacho Jinja nzima ilikijua, na watu wakapigana mabega kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nimekunja mikono kama mwenye ghala. Sikujua kwamba mwenyewe yumo humo, safu ya pili, anajitazama.

Taa zilipowashwa alikuja moja kwa moja. Mwanamke mrefu, wa umri wangu, kitambaa cha kijani kichwani. Akanitazama mdomoni, si machoni.

"Wewe ndio mtu nakaa ndani ya mdomo yangu," akasema.

Nikasema ndiyo mama, ni mimi, nikasubiri sifa.

"Pale kwa kuku, mimi sikucheka. Kwa nini umenipa kicheko?"

"Palikuwa tupu, mama. Nikapajaza."

"Hapakuwa tupu," akasema. "Nilikuwa nafikiri."

Nilimpenda hapo hapo, sina haja ya kuzunguka. Nimewasemea malkia na majambazi, lakini hakuna aliyewahi kutoka ukutani akaja kunidai kimya chake.

Baada ya hapo kila filamu mpya ikawa sababu ya kupanda gari kwenda Mbale. Nilijidai nakwenda kuhakikisha maneno. Wabwire alinifahamu akanyamaza, Mungu ambariki. Roselyn alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akayachanganya na karanga, na mimi mtu wa samaki nikala nikaomba tena. Tulikaa uani mchana kweupe, milango yote wazi, maana alikuwa mjane aliyebaki kwenye shamba la marehemu, na shemeji yake aliishi ng'ambo ya ua. Simu ya nyumba ilikaa mfukoni mwa shemeji huyo. Ukipiga, unaulizwa wewe nani na unataka nini, kwa hiyo niliacha kupiga.

Tuliongea mahindi. Tuliongea kuku, mvua, na vile wadudu wanavyojua kuchagua gunia la maskini. Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Mama Roselyn, niambie neno moja ambalo halina mahindi ndani."

Akatazama mikono yake. "Kwa Kiswahili siwezi."

"Mbona unaongea?"

"Ya kununua sukari naweza. Ya kuita Wabwire naweza. Ya moyo hapana." Akaniambia kwamba kwao, alipokuwa mdogo, Kiswahili kiliingia na viatu vya jeshi. "Ilikuwa ya kusema lala chini. Leta kuku. Baba yako iko wapi. Sasa nikikuambia neno ya moyo na hiyo, itatoka kama nakuamrisha."

Iliniuma, sitaficha. Lugha ile ile mama yangu aliyoniimbia nilale, kwake ilikuwa ya kuambiwa alale chini. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini ningemwambia kwa lugha gani?

"Basi sema kwa Kimasaba," nikasema. "Mimi nasikia."

"Unasikia kweli?"

"Nimekaa na sauti yako kwenye hedifoni filamu zote hizi. Nasikia kila neno. Hata ukikohoa, mimi ndiye wa kwanza kujua, kabla ya mtu yeyote."

Nilichokuwa nakijua cha Kimasaba ni kusalimu mulembe na kutaja malewa. Lakini nimeshakuambia, vijei hakiri. Akasema kitu kirefu kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, akangoja. Mimi nikaitikia kwa kichwa taratibu, uso umejaa busara, kama nilivyokuwa nawaitikia wazee wa Kichina. Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, hakifanani hata kidogo na kile nilichompa kwenye filamu. Nilirudi Jinja nikijaribu kukiiga njia nzima nikashindwa.

Nilikuwa na mpango, usidhani sikuwa nao. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja karibu na kambi, na sikutaka kumtoa mtu kwenye ua wake nikamweke chumbani. Nilijiambia msimu ukiisha nitatafuta nyumba yenye uwanja, nitamchukua mzee mmoja wa kwetu, twende kwa kaka yake Roselyn kwa heshima. Nilijiambia hakuna wa kunikimbiza.

Filamu ya mwisho ya msimu ilikuwa ya chumvi. Jambo lenyewe ni rahisi: mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unangoja. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, ukiyafunga yataoza. Isiposhika, yamekauka, tia ghalani. Katikati kuna kule kungoja, muda wa kutosha kuchemsha chai. Karatasi ya Wabwire kwa sehemu hiyo ilikuwa na neno moja tu: "Anangoja." Pembeni yake Alifya alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Tafadhali Ignatius, kimya."

Nikavaa hedifoni. Roselyn akaweka chupa chini. Akakaa. Kisha nikamsikia anasema, si kwa ile sauti yake ya kufundisha, ni ya chini zaidi, ya karibu. Nikadhani anaongea na Alifya. Labda anaongea na mahindi, wakulima wana mambo yao. Alipomaliza akatazama kamera, na pengo likabaki refu kama barabara ya Soroti. Nani angeliacha hivi hivi? Nikanywa maji, nikasogeza maikrofoni, nikamtilia haya mdomoni:

"Mimi sina haraka, ndugu zangu. Chumvi haina haraka, na mimi pia sina. Ngojeni tu. Hata mpaka mwaka ujao ngojeni, mimi nipo."

Lalit aliyekuwa nje ya stoo alicheka, nikajua nimepatia. Na kweli, kambini maneno yale yalienea kwenye simu zote. Ukiuliza mtu atakuja lini kukurekebishia mlango, anakuambia sina haraka, mimi nipo. Wanawake waliambiana hivyo kwenye foleni ya maji. Sijawahi kuwa na maneno yaliyopendwa vile.

Nakaloke filamu ilionyeshwa siku ya soko, nami sikwenda, nilikuwa na kazi ukumbini. Jioni Wabwire akanipigia simu.

"Bwana, imependwa sana. Watu wamecheka mpaka wenye duka jirani wamekuja kuuliza kuna nini."

"Na yeye?"

"Alikuwepo. Ameniuliza kama yale maneno ya pale kwa kungoja nimeandika mimi ama ni ya Vijei mwenyewe. Nikamwambia ni ya Vijei mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

Nilivimba kichwa usiku ule. Nilijiambia, ameyapenda, ametaka kujua ni ya nani.

Nilipokwenda tena Mbale, msimu ulikuwa umekwisha na nilikuwa nimeshaiona nyumba, ina uwanja na mti wa parachichi. Nikafika Nakaloke nimevaa shati la kupigwa pasi. Mlango wa Roselyn ulikuwa na kufuli. Shemeji alitoka ng'ambo ya ua, akanisalimu vizuri tu, akaniambia ameolewa Bungoma, Kenya, na mtu mwenye ng'ombe, mtu mzuri. Mahindi aliyauza yote kabla ya kuondoka. Juu ya ukuta wa uani ile chupa ya asali ilikuwa imepinduliwa, kama chombo kilichooshwa kikaachwa kikauke.

Nilirudi mjini Mbale nikakaa karibu na mnara wa saa, watu wanapita na mizigo ya mabasi ya Kenya, nami nawatazama kama kila mmoja ameniibia. Nilikasirika. Nilikasirika miaka. Hata kuaga? Mimi niliyempa sauti mpaka kambi za Jinja zikamjua? Nilisema atakwenda popote lakini mdomo wake nimebaki nao. Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika. Korona ikaja, kumbi zikafungwa, shirika likaishiwa, Wabwire akahamishiwa Busia. Nikafungua kibanda. Kile kipande kibichi cha filamu sikukifuta, na nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kupima spika.

Mwaka jana akaja mteja mmoja, Racheal, mke wa askari jela, kaleta spika ya kwaya yao. Yeye ni mzaliwa wa mlimani kule juu ya Mbale, kaolewa na mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake ni cha kambini kama cha wake wote. Nikamaliza, nikabonyeza kipande changu. Punje zikagonga kioo. Chupa ikawekwa chini. Roselyn akasema, na Racheal akaweka soda yake juu ya meza.

"Huyu mama naongea na nani?"

"Na mahindi," nikajibu kwa mazoea.

"Hapana. Rudisha."

Nikarudisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniambia nirudishe tena, na safari hii akaanza kusema nyuma ya sauti ile, kipande kwa kipande, kama nilivyokuwa nikifanya ukumbini, isipokuwa yeye alikuwa anaelewa.

"Anasema, wewe nanisikia wa kwanza, sikia hii. Kuna mtu ya Bungoma ametuma watu kwa kaka yangu. Mimi nimewaambia wangoje mpaka mahindi ikauke." Racheal akavuta pumzi. "Mahindi imekauka. Nimeijaribu asubuhi, kamera bado haijafika, chumvi haikushika. Sasa sina kitu ya kuwaambia tena. Kama uko na neno, kuja. Kuja useme na mdomo yako, usiseme na yangu."

Kisha ikaja ile sehemu ya mwisho, Roselyn ananyamaza anatazama kamera, na spika nzuri ya kwaya ikatoa kimya chake chote, na mahali mbali jogoo wa Nakaloke.

"Alikuja?" Racheal akauliza. "Huyo mtu?"

Nikamwambia sijui.

Alipokwenda na spika yake nilifunga kibanda jua likiwa bado kali. Nilikaa kwenye kijibenchi ndani, joto la bati kichwani, nikaanza kuyapanga mambo. Simu iko kwa shemeji. Kwenye filamu za Kimasaba, nyimbo za akina mama zinafunika pale pa kungoja. Njia moja tu ya kusema nami bila mtu wa tatu kusikia, na ni mimi niliyemwonyesha, nikajipiga kifua kwamba nasikia kila neno. Halafu akaketi ghalani siku ya soko, katikati ya majirani, akangoja jibu. Na jibu likaja kutoka kwenye mdomo wake mwenyewe, kwa sauti yangu: sina haraka, ngojeni hata mpaka mwaka ujao. Watu wote wakacheka. Akahakikisha kwa Wabwire kwamba maneno ni yangu. Akasema sawa.

Nilimtamani siku ile kuliko siku zote nilizowahi kukaa naye uani. Ningetoa kila nilichowahi kusema kwenye maikrofoni, niirudishe ile dakika moja, nikae kimya ndani yake.

Alifya alinikuta katika hali hiyo. Shirika jingine lilikuwa limezichukua filamu za zamani ili zirudi kwenye simu za wakulima, Uganda na ng'ambo ya mpaka, na sasa sauti ingekuwa ya kompyuta, inasema Kiswahili bila kukohoa wala kunywa maji. Alikuja kunieleza mwenyewe, kwa heshima, kwamba sauti yangu itatolewa. Alidhani nitakasirika. Nikamwekea kile kipande, nikamwambia Racheal alichoniambia.

Alikirudisha mwanzo akakisikiliza tena. "Siku ile Wabwire alikuwa mazishini," akasema. "Tulikuwa wawili tu, mimi Kimasaba sikijui, na majirani nimewaomba wakae mbali kwa ajili ya sauti. Kabla hatujaanza aliniuliza, hii Vijei ataisikia? Nikamwambia, wa kwanza kabisa."

"Ndivyo nilivyomwambia na mimi."

"Ignatius, naweza kuiacha." Alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili. "Kompyuta inyamaze pale, sauti yake ibaki wazi. Filamu itafika Bungoma, na kule wanasikia lugha hii. Atajua kwamba sasa umesikia."

Bwana wee, nililifikiria jambo hilo. Nilimwona yuko uani kwake Kenya, mtu amemletea simu, na sauti yake inamrudia safi, haina mimi juu yake. Angejua. Baada ya miaka yote angejua kwamba sikumcheka. Lakini sasa alikuwa mke wa mtu, na simu ile ingemfikia mume, na wakwe, na soko zima. Nilishamsemesha mara moja mbele ya watu jambo ambalo hakulisema. Sasa nimsemeshe alilolisema kwa mtu mmoja?

"Toa sauti yake pia," nikasema. "Hapo kwa kungoja, acha kimya."

Alifya akanitazama kuona kama natania. "Kimya kitupu?"

"Si kitupu," nikamwambia.

Kipande cha kwangu kiko bado kwenye simu, hicho sikuweza kukifuta. Spika siku hizi nazipima kwa nyimbo za injili.

Filamu ile waliionyesha kambini mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa mikutano, mchana, mapazia yameshushwa. Nilikaa nyuma. Sauti ya kompyuta ilikuwa nzuri, sina kinyongo. Ilieleza chupa, ikaeleza chumvi, kila neno mahali pake. Roselyn akatikisa, akaweka chini. Mdomo wake ukasogea bila sauti yoyote, kisha ukatulia, akatazama mbele. Tulimtazama. Hakuna aliyetafuta chapati. Mimi neno nilikuwa nalo tayari kinywani, fupi, la kwangu mwenyewe, nikalishikilia hapo hapo kwa meno.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mteja wangu wa enzi za ukumbi. Akageuka nusu.

"Ngurumo, mbona mama amenyamaza?"

"Anangoja, afande," nikasema.

Akarudisha uso mbele, naye akangoja.